Sabuni ya mawese kutoka kwenye simu: video haionyeshi mizani

Siku hizi katika nyumba nyingi za Gungu, Mwanga na Ujiji si jambo la ajabu kuwakuta mama na binti zake wameinamia simu moja, wakimtazama mtu wa mbali akifundisha kazi ya mikono. Wengine hujifunza kushona, wengine kusuka vikapu, wengine kutengeneza mishumaa au sabuni. Zamani fundi alikuwa jirani. Ulikaa kando yake majuma kadhaa, ukamchotea maji, na mkono wako ulipokaribia kisichoguswa alikuzuia. Leo fundi yuko Lagos, Nairobi au Manila, anaonekana kwa dakika nane, anatabasamu, kisha bando linakwisha.

Sisi hatuna ugomvi na mafundisho hayo. Yamewafikishia akina mama wa vijijini ujuzi ambao hapo awali ulihitaji nauli na ada. Lakini ukurasa huu ni wa afya, na baadhi ya kazi hizo zinagusa ngozi, macho na koo za watoto wetu. Kwa hiyo tuliamua kuzijaribu wenyewe. Tulichagua tatu ambazo zikifanywa vizuri huleta afya nyumbani: sabuni ya mawese, kibuyu chirizi cha kunawia mikono, na taulo za hedhi za kitambaa. Tulizifanya uani, pamoja na akina mama wa jumuiya mbili za Ujiji, kwa vifaa vinavyopatikana sokoni kwetu na si vile vinavyoonekana kwenye video. Sabuni ndiyo iliyotupa mengi ya kusema, nayo itachukua sehemu kubwa ya makala hii.

Kwa nini tuanze na sabuni

Watu wa mwambao wa Tanganyika hawahitaji kuhubiriwa sana juu ya kipindupindu. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji chetu cha mpakani, kwenye ufuko mwembamba uliobanwa kati ya milima na ziwa. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa yalichotwa ziwani mlemle walimoogea watu, na kipindupindu kikazuka. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha katika muda wa siku chache. Wengi tunakumbuka meli ya MV Liemba ikienda na kurudi kuwaleta watu Kigoma, ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Kunawa mikono kwa sabuni, baada ya kutoka chooni na kabla ya kushika chakula, hupunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban theluthi moja. Haihitajiki sabuni ya dawa wala yenye harufu ya maua. Sabuni yoyote ya kawaida inatosha, kwa sababu kazi yake ni kulegeza mafuta na uchafu ulioshika ngozi, na vijidudu vikachukuliwa na maji. Sugua kwa sekunde 20 hivi, kati ya vidole na chini ya kucha, kisha suuza. Tatizo la nyumba nyingi si ujuzi huo. Tatizo ni kwamba sabuni iliyopo imefichwa kwa ajili ya kufulia, na mtoto akiigusa anagombezwa.

Nasi tunaishi mahali ambapo mafuta ya sabuni yanaota barabarani. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, tayari aliyakuta mawese yakitumika huku. Mwaka 2018 Serikali, kupitia aliyekuwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ilianzisha mkoani Kigoma kampeni ya kufufua zao la michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Mchikichi hutoa mafuta ya aina mbili. Nyama ya tunda hutoa mawese mekundu, na kokwa ya ndani hutoa mafuta ya mise. Yote mawili ni mazuri kwa sabuni, lakini hayafanani, na hapo ndipo shida ya video inapoanzia.

Neno moja la lishe kabla hatujaendelea. Mawese mekundu mabichi yana kiini kinachogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, ambayo mtoto anaihitaji kwa macho yake na kwa kupambana na maradhi. Kwa hiyo usichukue mafuta mazuri ya chungu cha watoto ukayafanya sabuni. Tumia yale yaliyochacha, ambayo harufu yake imekwisha kubadilika. Kwa sabuni hayana kasoro yoyote.

Soda ile si magadi ya maharage

Sabuni hupatikana mafuta yanapokutana na kostiki soda, ile soda kali inayouzwa kama chembe nyeupe au vipande vyembamba. Vikikutana kwa kipimo sahihi, mafuta yote na soda yote hugeuka: unabaki na sabuni na gliserini, na soda haipo tena. Soda ikizidi, inayobaki inaendelea kula, na kitakachofuata kuliwa ni ngozi ya anayefua.

Tulitazama video nyingi. Jambo lililotushangaza ni kwamba karibu zote zilionyesha mikono, ndoo, rangi na vipande vya sabuni vilivyokatwa vizuri, lakini chache tu zilionyesha mizani. Mmoja alipima kwa kikombe, mwingine kwa kopo la maziwa, mwingine alimimina tu akisema tutaona. Mama mmoja wa kundi letu alikuwa amekwisha kufuata video ya namna hiyo mwaka uliotangulia. Sabuni yake ilitoa povu jingi na ilimfurahisha, mpaka siku ya tatu ya kufua ngozi ya vidole ilipoanza kuchubuka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya mawese inahitaji gramu 141 hivi za kostiki soda ili yote yageuke sabuni. Kilo moja ya mise inahitaji gramu 176 hivi. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji zaidi kidogo, kama gramu 183. Kwa usalama tunapunguza soda kwa sehemu 5 katika kila 100, ili mafuta kidogo yabaki na soda isibaki. Hivyo kwa kilo moja ya mawese tulitumia gramu 134.

Sasa fikiria mtu wa Ujiji anayefuata fundi wa Manila, ambako kuna minazi. Fundi yule hakukosea: kwa kilo ya nazi anatia gramu 174, na sabuni yake ni salama. Lakini gramu 174 hizo zikitiwa kwenye kilo ya mawese, zinazidi kwa gramu 33 hata kile kipimo kamili. Hakuna atakayeziona. Sabuni itaonekana ngumu na nyeupe kuliko ile nzuri.

Jambo la pili ni lita. Sisi hununua mawese kwa lita, kwa dumu na kwa chupa. Lita ya mawese si kilo: uzito wake ni kama gramu 910. Mtu anayetia gramu 134 katika lita moja amekwisha kuvuka kipimo, kwa sababu lita hiyo inahitaji gramu 128 tu ndipo yote igeuke, na kwa usalama gramu 122. Kwa hiyo mafuta nayo yapimwe kwa mizani. Mizani midogo ya jikoni inayotumia betri inatosha, na kikundi cha watu kumi kikichanga hakuna atakayeumia. Asiye nayo na aende kwa mwenye duka ampimie soda mfuko mmoja mmoja, kila mfuko kwa ndoo moja. Asitumie kijiko. Tungependa kulisema hili kwa ukali kuliko mengine yote ya ukurasa huu: asiye na mizani asitengeneze sabuni.

Namna tulivyofanya

Mawese peke yake hutoa sabuni ngumu yenye povu dogo. Mise huongeza povu. Tulichanganya gramu 700 za mawese na gramu 300 za mise, na kwa mchanganyiko huo soda ilikuwa gramu 144 na maji gramu 350. Tulifanya kazi asubuhi mapema, nje, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma na kutupeperushia mvuke usoni. Watoto walipelekwa kwa bibi yao. Hatukuwaambia wakae mbali, kwa maana mtoto akiambiwa akae mbali husogea, waliondolewa kabisa.

Aliyeshika soda alivaa glovu ndefu za mpira, miwani na nguo ya mikono mirefu. Maji ya baridi yalitangulia kwenye ndoo ya plastiki ngumu, kisha soda ikamiminwa kidogo kidogo huku akikoroga kwa mwiko wa mti. Maji hayamiminwi juu ya soda hata mara moja, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka usoni. Hata kwa utaratibu sahihi, maji yale hupata joto kali kana kwamba yametoka jikoni, na mvuke wake hukaba koo. Geuza uso, subiri, acha yapoe.

Video za Ulaya na Marekani hutumia sufuria za chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu karibu zote ni za aluminiamu, na kostiki soda hula aluminiamu. Hutoa mapovu, hupata joto, na gesi inayotoka hushika moto. Kwa hiyo sufuria ya ubwabwa isiguse kazi hii, wala mwiko wa aluminiamu, wala trei ya keki. Tulitumia ndoo ya plastiki na mwiko wa mti, na vyombo hivyo tumevipaka alama nyekundu, visirudi jikoni.

Mafuta yalipashwa moto kidogo yakayeyuka, yakaachwa mpaka yakawa vuguvugu. Ndipo maji ya soda yalipomiminwa polepole ndani ya mafuta na kukorogwa kwa zamu, bila kukimbia, mpaka mchanganyiko ukawa mzito na mwiko ukaacha mstari juu yake. Kazi hiyo ilituchukua karibu saa nzima. Fundi wa video ana mashine ya umeme na humaliza kwa dakika tatu, na anayekoroga kwa mkono anaweza kudhani kwamba amekosea na kuongeza soda. Asiongeze. Avumilie tu. Kisha tukamimina kwenye sanduku la mbao lililotandikwa nailoni, tukafunika kwa gunia, na kesho yake tukakata kwa waya.

Video nyingi huishia hapo, na mtu huonekana akinawa palepale. Sabuni ya siku moja haijakomaa. Panga vipande juu ya chanja, vitenganishe, hewa ipite, mahali pasipo mvua, kwa majuma manne hadi sita. Soda humalizia kazi yake, maji hukauka, na sabuni inakuwa ngumu, haiyeyuki haraka kwenye kisahani. Wapo wanaopima kwa kuonja kwa ncha ya ulimi. Tunashauri wasifanye hivyo. Kama una shaka na kundi fulani la sabuni, kipande kidogo kikisuguliwa mkononi kikawasha hata baada ya majuma sita, hizo zote hazifai kwa ngozi.

Tuliulizwa juu ya majivu. Ni kweli kwamba majivu ya migomba na ya mashada matupu ya michikichi yakichujwa kwa maji hutoa magadi yanayogeuza mafuta kuwa sabuni laini. Huko Ghana na Nigeria sabuni nyeusi zimetengenezwa hivyo tangu zamani. Lakini maji hayo ya majivu yakichemshwa yakawa mazito huunguza vilevile, na nguvu yake haipimiki kwa mizani. Ni ujuzi wa kujifunza kwa mzee aliyeufanya miaka mingi, si kwa simu.

Kuna video nyingine zinazofundisha kusaga vidonge, kutia krimu za dukani au dawa ya kung'arisha ngozi ndani ya sabuni. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini, na si bila sababu: zebaki huharibu figo. Hizo tulizipita.

Chupa ya soda karibu na chupa ya soda

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Kostiki soda ni nyeupe, inafanana na chumvi ya mawe au sukari. Ikiyeyushwa haina rangi, inafanana na maji. Katika nyumba zetu kila chupa tupu ina kazi: ya mafuta ya taa, ya mawese, ya maji ya kunywa. Mtu akinunua soda nyingi, anabakiza kidogo, anaiweka kwenye chupa ya maji au ya soda ya kunywa, juu ya kabati au chini ya kitanda. Mtoto wa miaka miwili anatoka kucheza na kiu yake.

Funda moja linatosha kuunguza mdomo, koo na njia ya chakula. Wakati mwingine mtoto analia, anatoa mate mengi, kisha baada ya siku chache anaonekana amepona. Majuma machache baadaye kidonda kinapokauka, njia ya chakula inajikunja na kuwa nyembamba. Mtoto anaanza kukataa ugali, halafu anakataa uji, mwishowe hata maji yanarudi. Anakonda, na wapo wanaodhani amelogwa. Kuipanua njia hiyo ni kazi ya miezi au miaka, katika hospitali kubwa zilizo mbali na Kigoma.

Hili si tatizo la Waafrika peke yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani soda kali ilikuwa katika kila jiko, kwa kutengenezea sabuni na kusafishia. Daktari wa koo aliyeitwa Chevalier Jackson, wa Pennsylvania, aliona watoto wengi walioungua kwa namna hiyo. Hakuridhika na kuwatibu. Alipigania sheria kwa miaka mingi, na mwaka 1927 bunge lao lilipitisha sheria ya kulazimisha pakiti za soda na kemikali kama hizo ziandikwe wazi kwamba ni sumu. Nasi sokoni bado tunapimiwa kwenye mfuko mwembamba wa nailoni usio na neno lolote.

Kwa hiyo nunua soda ya kazi ya siku hiyo tu. Ikibaki, iwe ndani ya kopo lake lenye kifuniko cha kuzungusha, limeandikwa SUMU kwa herufi kubwa na limefungiwa sandukuni kwa kufuli. Isikae kwenye chupa ya kinywaji hata kwa dakika tano, hata kama ni mkorogaji mwenyewe aliyeiweka hapo akaenda kufungua mlango. Soda iliyokaa wazi hunywa unyevu wa hewa na kupoteza nguvu, kwa hiyo kuiweka akiba hakuna faida hata kwa sabuni.

Kama ajali imetokea, mambo ya kufanya ni machache. Kwa ngozi au jicho, vua nguo iliyolowa na mwagia maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi bila kukatiza, kisha nenda hospitali. Jicho halisubiri kesho. Usipake siki wala limau ukidhani vinaua soda. Kwa aliyemeza, msuuze mdomo kwa maji ateme. Usimtapishe. Hapa desturi zetu zinatupinga, kwa sababu wengi hukimbilia kumpa mtoto mawese au maziwa mengi na kumtia kidole ili atapike. Kutapika kunairudisha soda njia ileile na kuunguza mara ya pili. Usimlazimishe kunywa kitu chochote. Mchukue upesi hadi kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mkoa ya Maweni, ukiwa na kopo au mfuko wa soda mkononi ili mganga auone. Hata kama analala vizuri usiku ule, mpeleke.

Kibuyu chirizi

Baada ya sabuni, kazi hii ni mapumziko. Kibuyu chirizi kilisambaa kutoka Zimbabwe katika miaka ya 1980, na mwanzoni kilikuwa kibuyu kweli, ndiyo maana jina limebaki ingawa sisi tunatumia dumu la lita 5. Wengi walikijua zaidi mwaka 2020 wakati wa korona. Dumu linaning'inizwa kwenye mti uliolala juu ya nguzo mbili, kamba inashuka kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika kwenye tundu. Mkono mchafu haugusi kitu.

Video zilikuwa nzuri, ila tulilazimika kubadilisha machache. Tundu moja la msumari wa inchi tatu linamwaga maji kupita kiasi, na mtoto anayeteka maji mbali atakichukia kibuyu hicho. Tundu la msumari mdogo uliopashwa moto linatosha. Dumu lililokaa juani hupasuka baada ya miezi, basi liwekwe kivulini na si mbali na choo: hatua kumi, zisizidi. Chini weka kokoto, maji yasituame yakafanya tope.

Sabuni iliyowekwa juu ya jiwe huchukuliwa na kunguru, na hilo hakuna video iliyotuonya. Dawa tuliipata Kibirizi, kwa wavuvi. Vipande vya nyavu za dagaa zilizochakaa hutupwa ufukoni. Kipande cha kiganja kimoja kinashona mfuko wa sabuni usiooza, maji hupita, na kunguru hashindi. Tafadhali iwe nyavu ya uvuvi. Chandarua cha mbu kisikatwe kwa kazi hii wala kwa kazi ya kusuka mikoba tunayoiona mitandaoni, maana mkoa wetu una malaria nyingi, na chandarua kilicho kizima mahali pake ni kitandani.

Mtoto asiyefika kwenye dumu hatanawa. Pima urefu wa kamba kwa mtoto wako mdogo anayekwenda chooni mwenyewe, si kwa baba.

Taulo za kitambaa

Juu ya taulo za hedhi tutasema kwa ufupi, ingawa wasichana wa kundi letu ndio walioshona vizuri kuliko mama zao. Video hutaka kitambaa maalumu kisichopitisha maji, ambacho kwetu hakipatikani, na nyingine hushauri kuweka tabaka la nailoni. Nailoni huleta joto na vipele, tuliiacha. Tulitumia pamba laini ya khanga kuukuu kwa juu, flana tabaka tatu kwa ndani, na kitambaa kizito cha pamba kwa chini, pamoja na mabawa mawili yenye kifungo. Msichana wa shule anahitaji angalau sita, abadilishe kila baada ya saa chache, aloweke kwa maji baridi na afue kwa sabuni.

Ugumu hauko kwenye kushona. Uko kwenye kuanika. Kwa kuona haya, wasichana huficha taulo mbichi chini ya godoro au nyuma ya kabati, nazo hukaa na unyevu, kuvu wakaota, na mwezi unaofuata anawashwa na kuogopa kumwambia mtu. Jua la Kigoma ni bure nalo huua vijidudu vingi. Tulipowauliza wasichana ni nini kingewasaidia, hawakutaja cherehani wala flana. Walitaka kamba ya kuanikia nyuma ya nyumba, upande usiopita wageni, yenye khanga moja nyepesi ya kutundika mbele yake. Baba mmoja aliyekuwa akitusikiliza akiwa mlangoni alitoka bila kusema kitu, na tulipokuwa tunakusanya vitambaa tukamsikia akigongelea misumari.